Mto wa Kuku wa Sultani

Hapo zamani, siku ambazo elimu ilikuwa imekwisha kujaa vichwani lakini haijafika vyunguni, palikuwa na kijana mmoja akiitwa Vuai, mwanachuoni aliyesoma nahau, nyota, tiba, na mirathi ya watu wasiokuwa na mali. Akarudi kwao na kilemba kirefu na viatu visivyo soli. Kila akienda jumba la Sultani Hamidu kuomba kazi, Waziri Shamte humjibu bila kuinua macho, "Mafi nafasi, yakhe. Benchi la makarani limejaa."

Na kweli limejaa. Wapwa wa Waziri wamebanana bega kwa bega, mmoja wao akishika kalamu kichwa chini miguu juu. Vuai husema, "Ahsanta, maulana," na akifika nje huimalizia shukrani hiyo kwa maneno yasiyoandikika.

Aliyekuwa akimlisha ni shangazi yake, Bi Mize, mtunza kuku wa Sultani. Kuku hao hawakuwa wa kuparura jalalani, la. Waliletwa zawadi kutoka ng'ambo, weupe pepe, wenye manyoya hata vidoleni, na Sultani akawapenda akapiga marufuku: "Kuku wangu wasikanyage vumbi. Ninachokalia mimi, ndicho watakachokalia wao." Basi wakajengewa chumba cha marumaru, na badala ya fito za kulalia wakatandikiwa mito ya mahameli, na kila asubuhi wakanyunyiziwa marashi. Bi Mize akasema, "Maulana, kuku haogi marashi, kuku huoga vumbi." Akaambiwa afyate ulimi.

Haukupita muda, manyoya yakaanza kupukutika. Wakaitwa waganga. Wa kwanza akasema ni jini, akafukiza ubani mpaka kuku wakapiga chafya. Wa pili akawanywesha kombe. Wa tatu akawapaka asali, wakaja sisimizi wa mji mzima. Wote watatu walilipwa, maana kazi ya kukosea jumbani ina mshahara. Ikawa kuku wamebaki uchi shingoni na chini ya mkia, ngozi nyekundu yenye magaga, na mtu akicheka anachapwa bakora.

Hapo Waziri akasema, "Maulana, manyoya hayana miguu. Yameibiwa. Bi Mize huwanyonyoa akajazia mito kwao."

Sultani akahukumu: Ijumaa, baada ya sala, Bi Mize akatwe mkono.

Vuai akaja mbio, kilemba kimemteremkia shingoni. "Maulana, shangazi yangu si mwizi!"

"Basi niletee mwizi mwingine," akasema Sultani. "Namtaka hai. Nimwone kwa macho yangu, nimkamate kwa mkono wangu mwenyewe. Ukishindwa, na wa kwako utafuata."

Vuai akamkuta Bi Mize amefungiwa mle mle chumbani mwa kuku.

"Umekuja, mwanangu? Na kilemba juu? Kilemba kingekuwa kinaokoa mkono, ningekishona mwenyewe."

"Shangazi, acha maneno. Nishikie huyu."

Akamgeuza kuku, akapuliza manyoya akatazama ngozi. "Jogoo akiwapanda sana, huchubuka mgongo. Wakidonoana, utaona majeraha mkiani. Wakibadili manyoya, vijiti vipya vinachomoza. Hapa hamna hata kimoja. Na tazama undu wake huu wa kichwani ulivyopauka, kama mtu aliyenyonywa damu. Jioni wanafanyaje?"

"Jua likitua hawataki kupanda mitoni. Hung'ang'ania dirishani kama wanaoidai serikali."

Vuai akajikuna kiganja, halafu kiwiko. Akatazama alipojikuna, akauvuta mto mmoja, akafumua mshono. Ndani mlikuwa na punje kama pilipili manga iliyosagwa, ila pilipili hii ilikuwa ikitembea.

"Utitiri!" akasema Bi Mize. "Kimbia ukamwonyeshe Waziri!"

"Nikimwonyesha Waziri ataunda baraza la wapwa lichunguze kama ni pilipili. La, shangazi. Sultani amesema amkamate mwenyewe. Amri ni amri." Akaufunga mshono kwa uzi wa kilemba chake.

Ijumaa ikafika, baraza likajaa, na mwenye panga naye akasimama pembeni akilinoa. Vuai akaingia na mto kichwani.

"Mwizi yu wapi?" akauliza Sultani.

"Yupo, Maulana, lakini ana adabu zake, hatokei mpaka akaribishwe. Maulana uliamuru kuku wakalie unachokalia wewe. Basi na wewe leo ukalie wanachokalia wao, naye atakuja mwenyewe."

"Astaghfirullahi!" akafoka Waziri. "Sultani akalie mto wa kuku?"

"Ni mahameli yangu," akasema Sultani kwa kiburi. "Leta."

Akakaa. Baraza likaendelea na kesi ya punda aliyekula mkeka wa msikiti. Shahidi wa kwanza hajamaliza, Sultani akajikuna goti. Shahidi wa pili akaja, Sultani akajikuna kwapa. Alipoletwa punda mwenyewe, Sultani akavua joho akalitupa, akavua kilemba, akavua kizibao, akabaki na kanzu ya ndani, kipara kinang'aa, shingo imekuwa nyekundu. Watu wote wakatazama vidole vya miguu yao, maana desturi ya baraza lile, Sultani akiketi hakuna ruhusa ya kucheka wala kuondoka.

Vuai akainama. "Maulana, ni nani aliyekunyonyoa?"

"Hakuna aliyeninyonyoa, baradhuli wee! Navua mwenyewe! Nawashwa!"

"Na kuku nao wasema hivyo hivyo, ila hawana mtu wa kuwaandikia barua. Tia mkono kwapani, Maulana, taratibu."

Sultani akatia mkono, akautoa, akautazama mwangani. Kwenye ncha ya kidole palikuwa na mdudu mwekundu amevimba damu.

"Huyu?"

"Huyo na ukoo wake. Ulimtaka hai, huyo anatembea. Ulitaka umwone, umemwona. Ulitaka umkamate kwa mkono wako mwenyewe, umemkamata. Na damu aliyoiba ni ya kifalme."

Mwenye panga akaacha kunoa. Sultani akamtazama mdudu, akamtazama punda, akajitazama na kanzu yake ya ndani, kisha akaangua kicheko mpaka machozi, na baraza zima likapumua.

Bi Mize akafunguliwa. Mito ikachemshwa kwa sufuria za karamu, chumba kikapakwa chokaa, zikawekwa fito na nyufa zake zikazibwa kwa mafuta mazito. Uani likachimbwa shimo la mchanga mkavu na majivu ya jikoni, na kuku wa ng'ambo wakajigaragaza humo kama watoto wa sikukuu. Siku chache baadaye Sultani akaja amefura: "Wamekuwa nungunungu!"

"Hivyo vijiti ndiyo manyoya, Maulana. Kila kitu kizuri huanza kwa kuchoma."

Sultani akafurahi, akaamuru Vuai apewe kazi ya ukarani. Lakini kesho yake Vuai alipofika, Waziri akasema bila kuinua macho, "Amri nimeisikia. Lakini mafi nafasi, yakhe. Benchi limejaa."

"Haidhuru," akasema Vuai. "Sihitaji nafasi kubwa. Nimekuja na kikalio changu." Akautoa kwapani ule mto wa mahameli, akauinua juu ya benchi. "Sogeeni kidogo tu, ndugu zangu."

Wapwa wakaruka wote kwa pamoja, wino ukamwagika, mmoja akatoka kwa dirisha, na Waziri akajikuta juu ya meza ameshika kanzu magotini. Benchi zima likawa tupu.

Sultani, aliyekuwa akipita barazani, akauliza kwa kicheko, "Vuai, mto huo bado una wenyewe?"

"Umechemshwa, Maulana, una wiki sasa," akajibu Vuai, akaketi katikati, akachukua kalamu akaigeuza kichwa juu. "Lakini hakuna aliyeuliza."