Kiapo Ambacho Lubaba Hakuapa

Wametuhadithia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa bonde la Hadhramaut aliishi bibi mcha Mungu aliyeitwa Lubaba, mke wa Mukbili, fundi wa kutia nguo rangi ya nili. Waliishi kwa mapenzi mpaka mtoto wao wa pekee alipofariki kwa homa. Hapo nyumba ikaingia ubaridi. Hawakugombana, walinyamaziana tu. Kila mmoja alipomtazama mwenziwe aliiona sura ya marehemu, akageuza uso. Mwishowe Mukbili akatoa talaka moja huku akilia, na Lubaba akaipokea huku akilia.

Akakaa eda humo humo nyumbani, kama sharia inavyotaka, naye Mukbili akahamia karakanani kwake. Kila asubuhi alimletea unga na samli, akaviweka kizingitini, akabisha hodi na kuondoka kabla mlango haujafunguliwa.

Eda ilipokaribia kwisha, akaja Nuaimu, kaka yake Lubaba. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa maskini mwenye watoto wengi, na alimhofia dadaye.

"Dada yangu," akasema, "ile mahari iliyoahirishwa siku ya ndoa yenu ni deni shingoni mwake. Amekulipa?"

"Nusu amenilipa. Mwaka ule wa njaa aliitia mkononi mwangu, nami nikawanunulia wazee wetu chakula."

"Nani aliona?"

"Hakuna aliyeona."

Nuaimu akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ya chini, "Basi akidai kwamba amelipa, kadhi atamtaka shahidi, na hana. Utaambiwa uape wewe. Sema hukupokea kitu. Mahari kamili itakupatia kijumba chako; nusu haikupatii hata chumba. Kwangu unakujua, watoto wamejazana kama dagaa. Utalala wapi, dada?"

Lubaba alijua kaka yake anasema kwa uchungu, na swali lake lilikuwa la kweli.

Siku ya kwenda kwa kadhi ikafika. Kadhi Haritha, mzee mpole aliyeogopwa kwa uadilifu wake, alikuwa akihukumu barazani pa msikiti. Akawakalisha wote wawili karibu naye, akasema, "Wanangu, ndoa ikivunjika, haki hazivunjiki. Mahari ni mali ya mke. Mume hamfanyii hisani kwa kumlipa. Chakula na makazi ya eda ni juu ya mume. Kisha ampe cha kumliwaza, kwa kadiri ya uwezo wake. Na alichokuja nacho mke, au alichokichuma kwa mkono wake, ni chake. Mukbili, mahari umelipa?"

"Nusu, Bwana Kadhi."

"Una shahidi?"

"Sina. Tulikuwa mimi na yeye, na Mwenyezi Mungu."

Kadhi akamgeukia Lubaba. "Mwanangu, asiye na shahidi hana hoja mbele yangu. Ukiapa kwamba hukupokea, nitakuhukumia mahari yote."

Nuaimu akamkazia macho dadaye. Lubaba akaihisi ile hofu ya kukosa pa kujisitiri. Neno moja tu, na angekuwa na mlango wa kuufunga usiku. Ndipo alipomkumbuka mwanawe. Alikuwa akitamani, siku watakapofufuliwa, mtoto amkimbilie mama aliye na ulimi safi.

"Siapi," akasema. "Amesema kweli. Nusu nimeipokea kwa mkono wangu huu."

Nuaimu akafunika uso. Mukbili naye akasimama, akanyoosha viganja vyake vilivyoingia buluu ya nili.

"Bwana Kadhi, bado ana haki nyingine ambayo hakuidai. Nilipoanza kazi, mitungi yote ya nili niliinunua kwa bangili zake za dhahabu. Nilimwambia, 'Niazime, nitakurudishia.' Sikumrudishia mpaka leo."

Ami yake Mukbili, aliyekuwa nyuma, akang'aka, "Wee! Mwenyewe kanyamaza! Nani anamshuhudia?"

"Namshuhudia mimi," akasema Mukbili.

Lubaba akajifunika shela usoni asionekane anavyolia. Bangili zile alikwisha kuzitoa moyoni, maana alijua hana wa kumtolea ushahidi.

Kadhi Haritha akafuta ndevu zake zilizolowa machozi. "Miaka yote hii," akasema, "nimeona watu wakiapa ili wapate. Sijapata kuona wawili wakishindana kupoteza." Akahukumu nusu ya mahari, thamani ya bangili, na cha kumliwaza. Mukbili aliuza baadhi ya mitungi akalipa yote, na Lubaba akapata nyumba ndogo yenye kisima uani.

Hawakurudiana, Mola hakuliandika hilo. Lakini mjini kulikuwa na wanawake waliopenda kukusanyika na kuwasema waume waliowaacha. Siku moja wakamwambia, "Nawe, Lubaba, tueleze ya Mukbili. Si alikuacha na msiba wako?"

Lubaba akaweka chini pamba aliyokuwa akisokota. "Siku ambayo sikuwa na shahidi," akasema, "yeye alikuwa shahidi wangu. Leo hayupo hapa. Basi mimi ndimi shahidi wake, na sina nililoliona kwake ila wema."



Ndugu zangu, wengi wetu tunajua kuoana kwa wema. Kuachana kwa wema ndiko kunakopima imani. Mwenye kutoa haki ya mwenziwe pasipo kushurutishwa amemcha Mola wake pale ambapo wengine humsahau. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe miongoni mwa watoao haki hivyo.