Hisa Mia za Bwana Mhina

Hisa moja ya kiwanda cha katani iliuzwa shilingi elfu moja, na karibu zote zilikuwa mikononi mwa Bwana Mhina. Semeni, muuza chapati wa langoni, alisikia mashine zikinyamaza moja baada ya nyingine. Akaenda kumwomba amwazime hisa mia aziuze, kisha bei ikishuka anunue nyingine amrudishie.

"Ada yangu ni nusu ya bei," alisema Bwana Mhina.

"Basi zikae, mzee wangu. Niandikie tu kwamba nikikuletea hisa mia siku ya Idi, utazinunua kwa elfu moja moja."

"Utazitoa wapi, binti, na zote ninazo mimi?" Bwana Mhina alicheka. "Haya, lete elfu ishirini ya ahadi." Akapokea, akatia saini.

Kabla ya Idi kiwanda kilifungwa. Bei ya hisa ikaanguka hadi shilingi mia mbili, na Bwana Mhina kwa hofu akamuuzia hisa mia mama wa kwanza aliyebisha hodi.

Siku ya Idi Semeni alifika na hisa mia na ile karatasi.

"Umezitoa wapi?"

"Kwako, mzee wangu. Yule mama ni dada yangu Tatu, na anakusalimu sana."