Nyumba Iliyobarikiwa Mara Tatu

Sogeeni. Mwenye masikio ya kusikilizia asogee, na mwenye masikio ya kuvalia hereni tu naye asogee, maana mwishoni nitauliza swali na sitaki mtu aniambie alikuwa chooni.

Mlimani Uluguru, kule juu ambako ukiangusha chungwa unalifuata mpaka Morogoro mjini, yupo mama mmoja aitwaye Bi Kidawa. Alizaa na Mzee Mloka watoto watatu, na kila mmoja Mungu alimpa cha kwake. Kobelo, mkubwa, alipewa mikono: akishika msumari uliopinda, unanyooka wenyewe kwa heshima. Havijawa, wa katikati, alipewa ulimi: alianza kusema kabla ya kuota meno, na meno yalipoona kazi inayoyangoja yakachelewa makusudi. Kibwana, kitinda mimba, alipewa pua. Msicheke! Mtu akikaanga dagaa ng'ambo ya bonde, Kibwana anakwambia chumvi imezidi.

Na Bi Kidawa mwenyewe alipewa nini? Hakuna aliyewahi kumuuliza. Hilo liwekeni pembeni kwanza.

Nyumba yao ni ya matofali mabichi, na matofali mabichi yakinyeshewa yanarudi kuwa udongo. Mwaka mmoja ukaja upepo mwendawazimu, ukalibeba paa lote na kulitupa bondeni. Mawingu hayo yanakuja. Kobelo akapanda mlima kutoka mjini na bati mpya begani, akagonga misumari mchana kutwa bila kula, na tone la kwanza lilimkuta anashuka ngazi. Nyumba ikapona. Mzee Mloka, kwa furaha, akaitisha maji kwenye kata, akajaza mashavu, akamtemea mwanawe kifuani kama wazee wa kule wanavyobariki.

"Kobelo," akasema, "nyumba hii ni yako."

Bi Kidawa alikuwa anapepeta mahindi. Ungo ukasimama hewani kidogo, kisha ukaendelea.

Baadaye jirani yao Semkuya akaanza kuhamisha mimea ya mpakani. Akaihamisha kidogo, akaihamisha tena, hadi mpaka ukapita katikati ya jiko, mafiga kwao na sufuria kwake. Shauri likaenda kwenye baraza la kijiji. Kobelo na mikono yake angefanya nini pale, ampigilie Semkuya misumari? Akasimama Havijawa.

"Wazee wangu," akasema, "ardhi ya huku inapita kwa mama. Kiwanja hiki Bi Kidawa alipewa na mjomba wake. Baba yangu mwenyewe alikuja hapa kuoa, amebeba shoka na mkeka! Sasa huyu Semkuya atuambie, amekipata kwa mama yupi? Au na yeye alikuja kuolewa?"

Baraza likacheka mpaka mwenyekiti akajifuta machozi, na Semkuya akang'oa mimea yake kwa mkono wake. Nyumba ikapona. Mzee Mloka akaitisha maji, mashavu yakajaa, Havijawa akalowa kifua.

"Havijawa, nyumba hii ni yako."

Bi Kidawa akakohoa kikohozi kisichokuwa na mafua. Akajisemea: mzee amesahau, maana siku hizi anasahau hata kama ameshakula. Na watoto wana akili zao, watalicheka.

Kisha ukaja moto. Mzee aliweka kaa la kiko chake juu ya godoro la sufi, akasinzia. Kibwana, ambaye ndiye aliyebaki nyumbani kuwalea wazee, alikuwa chini kabisa kwenye matuta ya maharage. Akainua pua. "Sufi hiyo!" Akapanda mlima mbio kama anafukuzwa na nyuki, akamtoa baba yake nje amembeba mgongoni, akarudi ndani na kumwagia moto kila kilicho majimaji: maji ya kuoga, maji ya magimbi, mchuzi wa mama yake. Nyumba ikapona. Mzee, nyusi zimeungua, akaitisha maji. Maji hayakuwepo, yameisha kwenye moto. Akaomba ya jirani, akambariki.

"Kibwana, nyumba hii ni yako."

Bi Kidawa akaiweka sufuria tupu chini kwa kishindo, kuku wakatawanyika.

Sasa sikilizeni ilivyoharibika. Miguu ya mzee ikaisha nguvu, akawa mtu wa kitandani. Sikukuu ya Idi watoto wakakusanyika. Bi Kidawa akakaa sebuleni anamenya magimbi, moyo mweupe, wanawe wote wako nyumbani. Akasikia mlio chumbani kwake. Krrrr! Akachungulia. Kobelo amevuta futi ya chuma kutoka ukutani mpaka kitandani kwa baba yake.

"Unanipimia sanda?" akauliza.

"Hapana, mama. Naangalia kama ukuta huu ukivunjwa patatosha kuegesha gari."

"Gari gani, kaka?" Havijawa akaingia. "Uegeshe kwenye nyumba yangu?"

"Yako tangu lini? Baba alinitemea mimi!"

"Mimi alinitemea baada yako, na la mwisho ndilo linalofuta!"

"Kama la mwisho ndilo, dada," Kibwana akasema mlangoni, "basi tokeni nyote, niliyetemewa mwisho ni mimi. Na kufuli nimeshanunua."

"Bila bati zangu ungezima moto wa nyumba gani?"

"Bila ulimi wangu bati zako zingemwezekea Semkuya!"

"Bila pua yangu mngekuja kugombea majivu! Nani anamwosha baba? Nyie mnakuja Idi kwa Idi, kama biriani!"

Wakamgeukia mzee. "Baba, nyumba ulimpa nani?"

Mzee Mloka akawatazama mmoja mmoja, kwa upendo kabisa. "Nilimpa aliyeiokoa. Sasa mnagombania nini na kitu nilishakitoa?"

Hapo kisu cha magimbi kikaanguka sakafuni.

"Nyamazeni!" Bi Kidawa akapaza sauti, na ilikuwa sauti ambayo hata nyumba haikuwahi kuisikia. "Udongo wa ukuta huu niliukanyaga kwa miguu hii, Kobelo akiwa tumboni. Kiwanja ni cha ukoo wangu, mmesema wenyewe barazani mkapigiwa makofi. Kuna aliyeniuliza? Kuna aliyenitemea mimi hata mate makavu? Mna nyumba, eeh? Chukueni nyumba yenu, niachieni kiwanja changu! Kobelo, panda ukashushe bati zako! Havijawa, okota maneno yako ukalale ndani yake! Kibwana, nirudishie mchuzi wangu!"

Mtu mwenye akili angepiga magoti hapo. Lakini Kobelo naye ana hasira, na hasira yake iko mikononi. Akapanda kweli. Misumari ikalia, bati la juu ya kitanda likang'oka, jua likamwangukia mzee usoni.

"Kumekucha?" mzee akauliza.

Bi Kidawa akatoka uani na kigoda chake, akaketi. Mlimani wingu jeusi lilikuwa limeanza kushuka, linatembea kwenye migomba.

"Wingu lile likifika hapa," akasema, "mniambie nyumba ni ya nani. Mwenyewe apigilie bati, akae. Wengine wasikanyage tena. Na mniambie pia mimi na baba yenu tunalala wapi, kama wageni wa nani."

Havijawa akafungua mdomo, ulimi ukakosa neno. Kibwana akanusa mvua, akatazama chini. Kobelo yuko juu ya paa, nyundo mkono mmoja, bati mkono mwingine, na mikono ile iliyojua kila kitu haijui imgongee nani.

Mpaka dakika hii hajashuka. Ananisubiri mimi, na mimi nawasubiri nyinyi. Wa bati, wa ulimi, wa pua, au yule mama wa kigoda ambaye hakuna aliyembariki? Wewe unayejikuna hapo nyuma, na wewe uliyekuja kwa ajili ya hereni: ungempa nani? Semeni upesi, mzee wa watu analowa.