Saa Mpya ya Besiboli

Jumapili tarehe tisa Machi, saa kumi na dakika arobaini jioni, Makame, mpigaji hodari wa timu ya matajiri, alisimama na gongo lake mbele ya Sikudhani, mdakaji wa Muheza, aliyechuchumaa nyuma yake kudaka mpira. Makame alikuwa amekosa mpira mara mbili; kosa la tatu lingemtoa. Akiupiga huu wa mwisho, Muheza wanashuka daraja kwenye ligi ya kulipwa, na Sikudhani hana kazi.

"Umeiona saa ya kanuni mpya, binti?" Makame alimcheka, akionyesha saa kubwa uwanjani iliyohesabu sekunde kabla ya kila mrusho. "Mrushaji wenu hapumziki tena. Hoi yule."

"Kweli, kaka. Lakini shikamoo kwanza, sijakusalimu."

"Marahaba."

"Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo."

"Na mama? Mguu unaendeleaje?"

Makame aliteremsha gongo, akamgeukia. "Ah, mama. Mchana anatembea vizuri, ila usiku…"

Mwamuzi aliinua mkono. "Kanuni inambana mpigaji pia. Saa imeisha, hujajiweka tayari. Kosa la tatu, toka."

Kesho yake asubuhi Sikudhani alipiga hodi kwa mama yake Makame, na kikapu cha machungwa mkononi. Makame ndiye aliyefungua mlango.

"Endelea, kaka," Sikudhani alisema. "Usiku mguu unafanyaje?"