Mti Mkavu wa Mkaza Mwana

Kulikuwa na wakati, katika milima ya Ighulo, ambapo mti ukifa ulikuwa mali ya mtu wa kwanza kuuona. Mti mbichi haukuguswa. Aliyekata mti mbichi alitozwa mbuzi na kutengwa ngomani, na watu wa Ighulo waliisifu sheria yao hiyo hata mbele ya wageni. Lakini mti mkavu, uwe mrefu namna gani, ulipigwa shoka siku ileile ulipoonekana. Msitu ulifagiliwa ukawa safi kama uga wa siku ya harusi. Hapakuwa na gogo lililolala wala kisiki kilichooza, na kila mpita njia aliwapongeza wenyeji kwa namna walivyoutunza.

Jambo moja tu liliwatatiza. Ndege walikuwa wakipungua. Walianza kutoweka vigong'ota, wakafuata bundi, na mwishowe hondohondo, wale ndege wakubwa wenye midomo kama majembe, ambao hapo awali walipiga kelele alfajiri hata watoto hawakuhitaji kuamshwa. Wazee waliwalaumu mwewe. Wengine walisema ndege wamehamia ng'ambo ya mlima kufuata matunda. Hakuna aliyegeuka kutazama rundo la kuni lililoegemea ukuta wa nyumba yake.

Na marundo yenyewe yalikuwa makubwa, kwa kuwa ndiyo yaliyompima mwanamke. Msichana aliyeolewa Ighulo hakupewa mafiga yake mara moja. Alipika katika jiko la mama mkwe mpaka mvua za vuli zilipokaribia, ndipo wanawake wa kijiji wakaja na ufito uliokatwa kwa kimo cha upenu, wakausimamisha kando ya rundo lake. Rundo likiufikia ufito, alipewa mafiga na kuitwa mwenye nyumba. Lisipoufikia, alirudishwa kwao akakomae, na wengi waliorudishwa hawakuitwa tena.

Mwaka mmoja aliolewa hapo msichana aitwaye Mkawasi, kutoka nyikani chini ya mlima. Baba yake alikuwa amefariki, na mama yake alikuwa anahifadhiwa kwa mjomba, akilala pembeni mwa ghala. Mkawasi alijua kwamba kwao hapakuwa kwao tena. Akirudishwa, hana pa kurudi.

Mume wake, Mwadime, alikuwa mtu mpole, lakini mwanamume hakuruhusiwa kuongeza hata kijiti kwenye rundo la mkewe. Wifi yake, Mghoi, hakuwa mpole hata kidogo. Siku Mkawasi alipoingia msituni kwa mara ya kwanza, Mghoi aliwaambia wenzake kwa sauti ya kusikika kwamba watu wa nyika hupikia kinyesi cha ng'ombe, sasa huyu kuni atazijulia wapi.

Mkawasi aliendelea kuviringisha kata yake ya kichwani. "Ndiyo maana nimepanda mlima, wifi," akasema. "Nimekuja kuziona."

Wanawake wakacheka, na Mghoi naye akacheka kabla hajakumbuka kujizuia.

Mkawasi alikuwa na jicho. Akisimama kwenye jiwe, aliweza kuutambua mti uliokufa katikati ya elfu moja iliyo hai, kwa rangi tu ya kilele chake. Aliteremka makorongo ambayo wenzake waliyaogopa, akayapanda tena huku mzigo umemwelemea shingo. Rundo lake likapanda ukutani, likapita dirisha, hadi pakabaki kama urefu wa mkono kufika upenuni. Mama mkwe wake, Wakesho, mwanamke mkali asiyesifu mtu, alipita mbele ya rundo hilo akapunguza mwendo. Kwa Wakesho hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Siku za kupimwa zilipokaribia, Mkawasi aliuona mti aliokuwa akiutafuta. Ulisimama ndani ya korongo lenye kijito, mkavu, umebanduka magome yote, mweupe kama mfupa. Ungetosha kulijaza rundo na kubaki. Akashukuru, akakaza khanga kiunoni, akaanza kuupiga shoka. Aliupiga tangu asubuhi hadi jua likawa utosini. Mti ukalia, ukainama, lakini haukufika chini. Ulinaswa kwenye panda ya mti mwingine ulio hai, ukabaki umelala mshazari hewani.

Mkawasi alipokuwa akifikiria namna ya kuunasua, alisikia kitu kikikwaruza ndani ya shina.

Akapanda juu ya mwamba kutazama. Ubavuni mwa mti palikuwa na tundu lililozibwa kwa udongo, limeachwa upenyo mwembamba tu. Udongo ule ulikuwa umepasuka kwa mshindo. Katika ufa akaona jicho, kisha mdomo mkubwa, kisha hondohondo jike aliyenyonyoka manyoya ya mabawa, asiyeweza kuruka hata akitaka, kwani jike hujifungia tunduni hivyo hadi amalize kulea. Chini yake kulikuwa na kinda, uchi, rangi ya waridi, akitetemeka.

Alirudi nyuma akaketi. Mti ungevutwa kidogo tu, ungeanguka, na rundo lake lingefika upenuni. Hakuna aliyekuwa amemwona. Hata kama angeuacha, upepo wa jioni ungeusukuma, na wote wawili wangepondeka mle ndani. Mkawasi alimkumbuka dada yake mkubwa alipojifungua, jinsi alivyokaa ndani akiletewa uji, na jinsi mama yao alivyomkemea mtu yeyote aliyeusukuma mlango kwa nguvu. Akalitazama shoka. Kisha akaliweka chini, akateremka kijitoni kuchota udongo.

Aliuziba ule ufa kwa vidole vyake, akaacha upenyo kama alivyoukuta. Lakini mti ulihitaji tegemeo, na msitu ule uliofagiliwa haukuwa na hata gogo moja la kutegemeza. Magogo yote ya Ighulo yalikuwa yamepangwa kwenye kuta za watu. Na yeye alikuwa na haki juu ya ukuta mmoja tu.

Ndivyo alivyoanza kulibomoa rundo lake. Alibeba magogo makubwa kwanza, akayapanga chini ya shina, moja juu ya jingine, akarudi kwa mengine. Watu walimwona akipita na mzigo kuelekea msituni wakati wenzake wote wakitoka nao, wakasema kichwa cha msichana kimeingia jua la nyikani. Mghoi alimsubiri njiani.

"Wifi, kuni zako zimeota miguu? Naona zinarudi kwao."

"Zinarudi," Mkawasi akajibu, akapita. Hakuwa na pumzi ya neno la pili.

Siku ya pili yake ukuta wa nyumba ulikuwa mtupu. Wakesho aliutazama, akachukua fimbo yake na kufuata nyayo za mkaza mwana wake mpaka korongoni. Alikuwa ameyaandaa maneno makali njia nzima. Alimkuta Mkawasi amelichomeka bega chini ya shina, akijaribu kusukumia gogo la mwisho mahali pake, miguu imezama kwenye tope.

Kabla Wakesho hajafungua kinywa, palisikika mvumo wa mabawa. Hondohondo dume alitua juu ya ule mti. Aliuzungukazunguka, akaukagua ule udongo mpya, akageuza kichwa upande mmoja, kisha mwingine. Ndege akatapika kuyu moja akalipitisha kwenye upenyo, na ndani mdomo ukalipokea.

Wakesho hakuwa amemwona hondohondo tangu usichana wake. Akaiweka fimbo chini, akakunja nguo, akaingia topeni.

"Sogea, mwanangu," akasema. "Gogo hili ni la watu wawili."

Siku ya kupima ilipofika, wanawake walikuja na ufito wao wakakuta ukuta mtupu. Wakesho akawaongoza hadi korongoni, wakinung'unika njia nzima, na Mghoi akiwa mbele kabisa asipitwe na lolote. Mkuu wa wapimaji alilitazama lile rundo chini ya mti, akasema sheria inataka kuni ziegemee nyumba ya mwenye kupimwa.

"Sheria inataka ziegemee nyumba," Wakesho akasema. "Nyumba ndiyo hiyo, na mwenyewe huyo anakula. Leta ufito."

Wakausimamisha ufito. Rundo liliupita, na juu yake ukabaki upenyo wenye mdomo unaopokea matunda. Wanawake walitazamana. Kila mmoja wao alikuwa akiikumbuka miti mikavu aliyoiangusha mwenyewe, na matundu aliyoyaona ndani yake bila kuuliza yalikuwa ya nani. Mkuu wa wapimaji akaukunja ule ufito kwenye goti lake, ukakatika, akavitupa vipande msituni.

Siku hiyohiyo Mkawasi alipewa mafiga yake. Mghoi ndiye aliyebeba figa lililokuwa zito zaidi, akitangaza njiani kwamba shingo yake ikivunjika, Mkawasi atampikia mpaka afe. Na jike alipopata manyoya yake, aliuvunja udongo akatoka, na baada yake kinda. Chini ya mti ule zilimea mbegu za matunda waliyoangusha, za miti ambayo watoto hawakuwa wakiijua kwa jina.

Tangu mwaka ule, Ighulo hawampimi mtu kwa kuni. Kuni hukatwa kwenye matawi yaliyodondoka, na mti mkavu huachwa usimame mpaka uanguke wenyewe, na ukianguka huachwa ulale. Msichana akiolewa, mama mkwe humshika mkono na kumpeleka msituni kabla hajamwonyesha jiko, akamkabidhi mti wake uliokufa. Ni wake kuulinda dhidi ya moto na shoka, na wake kuusimulia. Vigong'ota wamerudi, na bundi, na hondohondo huwaamsha watoto alfajiri hata wale wasiotaka kuamka. Wageni hucheka wakisikia kwamba mama mkwe hutoa zawadi ya mti uliooza. Lakini mkaza mwana wa Ighulo akirudi kuwasalimu wazazi wake, na mama yake akimuuliza amepewa nini huko alikoolewa, hataji khanga wala sufuria.

"Nimepewa mti uliokufa, mama," husema, "na mwaka huu umezaa."