Ukuta wa Hester

Ukimwona mtu mkimya usidhani hana la kusema; huenda analitafuta neno linalokaa sawasawa, kama mjenzi atafutavyo jiwe. Ndiyo maana wahenga wakanena: kimya kingi kina mshindo mkuu.

Kule Askerdale, bonde la kaskazini mwa Uingereza ambako kondoo ni wengi kuliko watu na mvua haipigi hodi, hakuna aliyekuwa mkimya kama Enoch Thwaite. Alijenga kuta za mashamba kwa mawe matupu, bila tone la saruji. Neno lake la kusifu lilikuwa moja tu: "Si mbaya." Hata siku ya harusi yake, alipoulizwa bibi harusi amependezaje, alijibu vivyo hivyo, na bibi harusi akalia kwa furaha.

Hester, bintiye wa pekee, alitamani kufanya kazi pamoja naye. Kila alipomwomba, Enoch alisema, "Tutaona kwenye maonyesho ya bonde, siku ya kushindania ujenzi wa kuta."

Maonyesho yakafika. Kila mshindani alipewa kipande chake cha ukuta akijenge. Mshindani wa kando ya Hester alijaza kokoto tumboni mwa ukuta wake, kati ya safu mbili za mawe, kwa sepetu, kama anayelisha nguruwe. Hester alizipanga kwa mkono, moja moja, hata kucha zikavuja damu. Akavikwa utepe mwekundu wa mshindi.

Shangazi Winifred alimrukia shingoni. "Nimefurahi kwa ajili yako, mpenzi, mpaka meno yangu ya bandia yanacheza ngoma!"

"Yashike, shangazi, yasije yakajengewa ukutani!"

Hester alicheka, ila jicho lilikuwa kwa baba. Watu walikuwa wameufurahia utepe. Hata angeushinda kwa bahati nasibu wangepiga vigelegele vilevile. Furaha hiyo huja na keki na kuondoka na vyombo. Yeye aliitaka ile nyingine, ya mtu kuridhika na wewe mwenyewe na kazi ya mikono yako.

Enoch hakuutazama utepe. Alichuchumaa, akachokoa viungo vya mawe kwa kidole, akausukuma ukuta kwa bega.

"Enoch, sema basi!" Winifred akafoka. "Umemeza jiwe?"

Enoch akatoa pai ya nyama na chupa ya chai. Bonde zima lilijua kwamba hajawahi kukalia ukuta uliojengwa na mtu mwingine. Heri ale wima mvuani kama farasi. Sasa akapanda, akaketi juu ya ukuta wa Hester. Jiwe halikutikisika. Watu wakaduwaa. Winifred akafunga mdomo, meno na yote.

Enoch akasogea kidogo, akamega pai vipande viwili. "Panda, binti. Chai itapoa."

Hester akapanda, akaketi kando yake.

"Ukuta wa shamba la Metcalfe umeanguka," baba akasema huku akitafuna. "Jumatatu uje na nyundo yako."

"Nitakuja, baba."

"Mawe ni mazito kwa mtu mmoja." Akameza. "Halafu ukiwa peke yako, mchana huwa mrefu."

Kwa Enoch, hiyo ilikuwa hotuba. Hester akajipangusa macho kwa utepe wake wa ushindi.

"Na ukuta wangu, je?"

Enoch akaupapasa kwa kiganja, akatazama kondoo mlimani.

"Si mbaya."

Hester akapiga ukelele uliowatimua kondoo mlima mzima. Hakika, kimya kingi kina mshindo mkuu.