Chumvi ya Kiazi Kimoja

Nina hadithi mkononi.
– Irushe.
Ni nzito.
– Tutaidaka wote.
Basi idakeni.

Palikuwa na gulio la wanyama, kila siku ya tano. Mkuu wa gulio alikuwa Bwana Kanga, na sheria zake zilikuwa tatu. Mwenye meza haguswi na jino la mtu, sokoni wala njiani, yeye na watoto wake. Bei ukiitangaza umeitangaza, mpaka utangaze nyingine: anayefika nayo wa kwanza mkononi, humkatalii. Na mwenye meza akirudi nyumbani magulio matatu mfululizo bila kuuza chochote, meza anaipoteza.

Mama Pimbi alikuwa na meza ya chumvi. Ni mnyama mdogo, hana pembe, hana mbio za maana. Alikuwa na watoto wawili na ile meza, basi. Kibaba kimoja aliuza viazi vinne, na watoto wakala.

Siku moja Fisi akaja na kikapu kikubwa cha chumvi, akapewa meza ya kutazamana na Pimbi. Fisi hali viazi. Soko zima lilijua kwamba Fisi hali viazi.

Gulio la kwanza, Pimbi akaita vinne, Fisi akaita vitatu. Pimbi akaita viwili, Fisi akaita kimoja. Wateja wakahama, tifu tifu tifu. Pimbi akarudi na chumvi yake.

Gulio la pili, Pimbi akaita viwili, Fisi akaita kimoja. Pimbi akaita kimoja, Fisi akaita kimoja kwa vibaba viwili. Wateja wakahama, tifu tifu tifu. Jioni Fisi akaja kuegemea meza ya Pimbi, akamsalimu vizuri, akauliza kama watoto wamenona.

"Bado wembamba, kaka," akasema Pimbi.

"Si neno, dada. Mimi si mchaguzi."

Pimbi akaenda njia nzima akijiuliza. Nikishusha bei, Fisi atafanya nini? Atashusha. Nikishusha sana, atafanya nini? Atashusha sana. Kwa sababu nikiuza hata kibaba kimoja, meza ni yangu, naye atabaki na njaa yake. Basi Fisi hana njia nyingine. Ana njia moja tu, na mimi naijua.

Gulio la tatu, nyumbani kulikuwa kumebaki kiazi kimoja. Watoto wakakitazama. Pimbi akakitia kwapani, akaondoka nacho.

Siku hiyo hakuna aliyenunua chumvi mapema. Wateja walishajifunza kusubiri. Walisimama katikati ya meza mbili, shingo huku, shingo kule. Bwana Kanga alikuwa tayari juu ya kichuguu chake. Akipiga mbawa mara tatu, gulio limefungwa.

"Kiazi kimoja, vibaba viwili," akaita Pimbi.

"Vitano," akaita Fisi.

"Kumi."

"Ishirini. Endelea, dada, nina siku nzima."

Kanga akapiga mbawa, pwa.

"Kikapu changu chote," akasema Pimbi, "kwa kiazi kimoja."

Nungunungu, mbahili kuliko wote, akaingiza mkono mfukoni. Kanga akapiga mbawa mara ya pili, pwa. Fisi akauona ule mkono ukitoka na kiazi, akauona mguu ukielekea kwa Pimbi.

"Changu chote," akabweka Fisi. "Kikubwa mara tatu. Kiazi kimoja."

Nungunungu akageuka. Lakini mzee yule ana miiba mingi na miguu mifupi, na Pimbi alikuwa ameshatoka nyuma ya meza yake. Alipita chini ya tumbo la Pundamilia, akaruka, akaweka kiazi cha watoto kwenye kiganja cha Fisi. Pa.

"Niuzie, kaka."

Fisi akamtazama Kanga. Kanga akasema bei imetangazwa, na wa kwanza ameonekana. Pimbi akakikokota kile kikapu, kwaruu kwaruu, mpaka mezani kwake. Soko zima likabaki na muuza chumvi mmoja.

"Sasa ni bei gani, mama?" akauliza Nungunungu, polepole.

"Vinne, babu. Kama zamani."

Kanga alikuwa ameshainua mbawa mara ya tatu. Nungunungu akaguna, akasema huu ni wizi, akahesabu vinne. Mbawa zikashuka, pwa.

Pimbi akapita mbele ya Fisi na vile viazi, akamuuliza kama naye ana watoto nyumbani. Fisi alikuwa anajaribu kutafuna kiazi.

Hadithi imenitoka mkononi, sasa iko kwenu.

Na funzo lake, watoto wangu: muwapende majirani. Hata anayewatamani, msimnunie. Muungisheni, nunueni biashara yake yote.